Paka na Nyoka Chini ya Paa Moja

Mgeni akifika shuleni kwetu na kuambiwa kwamba paka na nyoka wanakaa katika jengo moja, huuliza mara, "Je, wamezoeana?" Jibu ni kwamba hawakuzoeana, wala hatutaki wazoeane. Wanakaa salama kwa sababu kati yao kuna milango miwili na kufuli. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini kufuli ni bora kuliko urafiki, na jinsi mtu yeyote mwenye wanyama hawa wawili awezavyo kuwatunza pasipo mmoja kumdhuru mwenziwe.

Kwanza niwajulishe wasomaji hali yetu. Jengo letu la sayansi ni refu, na nusu yake ni ghala ya chakula. Katika ghala anakaa paka dume aitwaye Karani, ambaye kazi yake ni kulinda mahindi na maharagwe yasiliwe na panya. Upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha biolojia, kuna nyoka jike wa nyumbani, mwenye rangi ya kahawia na mistari miwili myeupe-myeupe ubavuni mwa kichwa. Urefu wake wapata sentimeta 90. Hana sumu, na chakula chake ni panya, kama cha Karani. Anatunzwa kwa kibali, na wanafunzi wanaosoma biolojia hujifunza mengi kwake.

Muhula uliopita palikuwa na mabishano makali. Wapishi walisema paka akiondoka, panya watatawala, kwa hiyo nyoka ndiye aondoke. Wanachama wa Chama cha Sayansi walisema paka ahamishwe. Mwalimu Mkuu alisikiliza pande zote mbili, akakata shauri hivi: wote wawili watabaki, lakini likitokea jambo baya hata mara moja, nyoka atarudishwa kwa waliotoa kibali na chumba kitafungwa. Mimi nimekuwa mtunza ufunguo kwa miaka miwili. Mwisho wa mwaka huu nitamaliza Kidato cha Sita na kuondoka, na ufunguo utapewa kijana wa Kidato cha Tatu. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake kwanza.

Lakini si yake peke yake. Gazeti letu husomwa pia na kaka zetu waliomaliza zamani, na baadhi yao wako Uingereza, Canada na Marekani. Huko watu wengi hufuga nyoka nyumbani, na nyoka apendwaye sana ni wa Afrika yetu: chatu mfupi ambaye akiogopa hujikunja kama mpira. Nchi zake ni kuanzia Senegal hadi Uganda. Mkubwa wake huwa na urefu wa sentimeta 90 hadi 150, na aweza kuishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vema. Na kwa kuwa nyumba nyingi za huko zina paka, shida yetu na shida yao ni moja.

Tabia ya paka

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye yupo bado katika mbuga zetu. Amekaa na binadamu muda mrefu. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbaji walikuta kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita, na habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Wamisri wa kale walimchora paka wa mungu jua akimkata kwa kisu nyoka Apep, adui wa jua. Picha ya namna hiyo ipo katika kaburi moja la Deir el-Medina. Walimfahamu paka vizuri: akimwona nyoka, huona kitu cha kukamatwa.

Watu hudanganyika kwa kudhani kwamba paka aliyeshiba hawindi. Sivyo. Katika paka, njaa na uwindaji ni mambo mawili mbalimbali. Kinachomwamsha ni mwendo: kitu chembamba kinachojivuta sakafuni, kinachosimama, kisha kinachojivuta tena. Hata kamba ikivutwa mbele yake huirukia. Basi nyoka kwa paka ni kamba inayojivuta yenyewe. Karani hupata chakula chake kila jioni, na usiku huohuo hukamata panya watatu akawapanga mlangoni bila kuwala. Kwa hiyo usiseme, "Paka wangu ameshiba, hana neno."

Tabia ya nyoka

Nyoka naye hapendi wala hachukii. Hutoa ulimi wake, hukusanya harufu, na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Hapo hutaka kujua mambo mawili tu: Je, hiki ni chakula? Je, hiki ni hatari? Chatu ana msaada mwingine, maana midomoni mwake mna vishimo vinavyohisi joto. Mwili wa paka una joto la digrii 38 hadi 39, na gizani chatu hulihisi joto hilo waziwazi. Kikiwa kitu kikubwa chenye joto, huogopa. Kikiwa kidogo, huenda akakiuma na kukizungushia mwili.

Hapa ndipo penye hatari kwa paka. Nyoka wetu wa nyumbani hawezi kumdhuru paka mzima, na chatu mfupi hawezi kummeza. Lakini mtoto wa paka akizaliwa huwa na uzito wa gramu 100 hivi, yaani kama panya wa kadiri. Chatu alaye panya hawezi kutofautisha. Basi nyumba yenye paka mwenye watoto yataka uangalifu maradufu. Tena kuna chatu mkubwa wa nchi zetu, ambaye Waganda humwita ttimba. Yeye hupita meta 4 na humeza hata mbuzi. Huyo si wa kufugwa nyumbani kabisa, awepo paka au asiwepo.

Nani yuko hatarini zaidi?

Wengi humwogopea paka. Kweli ni kwamba, kwa nyoka wadogo wasio na sumu, mara nyingi anayeumia ni nyoka. Meno ya paka ni membamba kama sindano, na kinywani mwake mna vijidudu vingi, hasa aina iitwayo Pasteurella. Meno yakiingia, tundu la nje huwa dogo lakini vijidudu hupelekwa ndani sana. Ndiyo maana hata mtu akiumwa na paka mkononi, mkono huweza kuvimba kesho yake.

Kwa nyoka jambo ni baya zaidi. Jeraha hufichwa na magamba, na mwili wake hufanya kazi polepole kwa kuwa hauna joto lake wenyewe. Aweza kuonekana mzima leo, na juma la pili au la tatu akakataa chakula, akalegea, na akafa. Kwa hiyo kanuni ni moja: nyoka aliyeguswa na meno ya paka apelekwe kwa daktari wa wanyama siku ileile, hata kama hakuna damu.

Tena nyoka huumia bila kuguswa. Paka akikaa mbele ya kioo akimkazia macho kutwa nzima, nyoka hukosa raha. Hurusha kichwa chake kwenye kioo, husugua pua mpaka ikachubuka, au hukataa kula kwa majuma mengi. Mtu asiyejua husema nyoka ni mgonjwa, kumbe anaogopa.

Sanduku

Sasa nieleze sanduku, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. La kwetu lilitengenezwa na fundi seremala wa shule kwa mbao nene. Urefu wake ni sentimeta 90, upana 45 na kimo 45. Mlango uko mbele, si juu. Ni wa kioo, una bawaba mbili na kufuli. Matundu ya hewa yako ubavuni, yamefunikwa kwa wavu wa waya mgumu uliopigiliwa kwa parafujo kutoka ndani.

Kwa nini mlango usiwe juu? Kwa sababu ya paka. Sanduku la zamani, lililokuwapo kabla yangu, lilikuwa na kifuniko cha wavu juu, na taa ya kutia joto juu ya wavu. Karani alipoingia chumbani akagundua kwamba hapakuwa na mahali pa kulala penye raha kama pale katika usiku wa mvua. Kila alipolala wavu ulibonyea, mpaka ukawa kama machela, na misumari ya pembeni ikaanza kulegea. Kwa bahati njema mlinzi wa usiku aliona mapema. Paka mzima ana uzito wa kilo 4 au 5, na akiruka kutoka kabatini kishindo chake ni kikubwa kuliko uzito wake. Basi kifuniko kisichoweza kubeba paka anayeruka hakifai, na dawa nzuri ni kuwa na dari ya mbao.

Tena usisahau upande wa nyoka mwenyewe. Nyoka ni fundi wa kutoroka. Usiku kucha hupita pembezoni akisukuma kwa pua, akitafuta mahali palipolegea. Pahali kichwa kinapopita, mwili nao hupita. Kipimo chetu ni kidole kidogo cha mkono: ufa unaoingiza kidole hicho ni mkubwa mno. Vioo vya kusukuma pembeni, vinavyotumika sana Ulaya, ni vizuri, lakini navyo vyataka kufuli, maana nyoka huvisukuma na paka huvivuta kwa makucha. Kufunga kwa kamba, kitambaa au utepe wa gundi si kufunga.

Sanduku liwekwe juu ya meza nzito, likiegemea ukuta, lisiweze kupinduka paka akiparamia. Ndani yake pawe na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, ili nyoka aweze kujificha bila kuchagua kati ya joto na usalama. Sisi pia hufunika nusu ya kioo kwa kitambaa cheusi.

Joto lenyewe lataka akili. Nyoka wa nyumbani hutosheka na digrii 28 hadi 30 upande wa joto. Chatu mfupi hutaka 31 hadi 33 upande huo, na 25 hadi 27 upande wa pili. Katika nchi za baridi watu hutumia mkeka wa umeme wenye themostati, chombo kinachozima na kuwasha umeme chenyewe. Iwe taa au mkeka, nyaya zipitishwe ndani ya bomba au zipigiliwe ukutani. Paka hupenda kuchezea nyaya na kuzitafuna, na taa ikiangushwa juu ya karatasi usiku, hasara yake yaweza kuwa kubwa kuliko nyoka na paka wote wawili.

Chumba

Sanduku jema halitoshi. Lazima pawe na mlango wa pili, nao ni wa chumba. Wetu una springi, hujifunga wenyewe. Chini yake fundi amepigilia ubao mwembamba ili pasiwe na nafasi: nyoka akitoroka sandukuni asitoke chumbani, na mkono wa paka usiingie. Madirisha yana wavu.

Kanuni ya chumba ni fupi: funga mlango, tazama chini ya meza, kisha fungua sanduku. Kijana atakayenirithi asibadili utaratibu huu hata siku ana haraka. Paka huingia miguuni mwa mtu bila sauti. Mara mbili mwaka huu nimemkuta Karani amejikunja nyuma ya ndoo, naye aliingia pamoja nami. Nilimtoa kwanza, ndipo nikafungua.

Kaka zetu wanaokaa katika chumba kimoja mjini watasema hawana chumba cha pili. Kwao nashauri sanduku liwe ndani ya kabati lenye mlango unaofungwa na lenye matundu ya hewa, na paka atolewe nje kila nyoka anapotolewa. Kama hilo haliwezekani, heri kufuga mmoja tu.

Chakula na kushika

Nyoka wetu hula panya mdogo mmoja kila baada ya siku 7 hadi 14. Twampa panya aliyekufa, kwa koleo ndefu. Panya hai huuma, na wapo nyoka waliotiwa majeraha mabaya na chakula chao wenyewe. Panya aliyekufa kwa dawa ya panya asipewe nyoka wala paka, maana sumu iliyomwua yeye iko bado mwilini mwake. Kwa sababu hiyo hiyo shule yetu haitegi sumu katika jengo hilo.

Mahali penye friji ya kugandisha, panya huwekwa humo na kutolewa apoe barafu kabla ya kulisha. Jambo hilo lifanyike ndani ya kopo lenye kifuniko kizito. Harufu ya panya anayeyeyuka humwita paka kutoka mbali, na paka aliyejifunza kwamba chumba cha nyoka kina panya hatakoma kukikalia mlangoni.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika nyoka, hasa kama umeshika paka au panya. Nyoka huamini pua yake. Mkono wenye harufu ya panya, kwake ni panya. Akisha kula mwache siku mbili bila kumgusa, asije akatapika. Ukitaka kumhamisha, mtie ndani ya foronya na kufunga mdomo wake fundo. Usimpitishe barazani mikononi mwako huku paka yupo.

Wako watu wanaopenda kuwakutanisha wanyama hawa ili wapige picha. Picha za namna hiyo ni nyingi, nazo hupendeza: paka amelala, nyoka amejizungusha karibu yake. Lakini picha ni ya nukta moja, wala haionyeshi nukta ya pili. Tazama mkia wa paka: ncha ikitikisika na masikio yakielekea mbele, anawinda. Masikio yakilala nyuma, anaogopa na yu tayari kupiga. Tazama na shingo ya nyoka: ikijikunja kama herufi S, yu tayari kuuma. Anayejua alama hizi hapigi picha, anawatenganisha.

Ikiwa wamekutana kwa ajali, usitie mkono katikati. Mfunike paka kwa blanketi na kumtoa, au mfunike nyoka kwa ndoo, au ingiza ubao kati yao. Kama chatu amemzungukia mtoto wa paka, usimvute kwa nguvu, bali mfungue kuanzia mkiani, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Kisha wote wawili wapelekwe kwa daktari.

Hatari zisizo na meno

Kuna hatari mbili ambazo kufuli halizizuii, nazo husahauliwa sana.

Ya kwanza ni vijidudu viitwavyo Salmonella. Nyoka wengi huwa navyo tumboni bila kuugua, navyo hutoka pamoja na kinyesi. Binadamu vikimwingia hupata homa na kuhara, na watoto wa chini ya miaka 5, wazee, na watu wenye afya dhaifu huweza kuugua sana. Paka akiingia sandukuni na kunywa maji ya nyoka, hubeba uchafu huo kwa miguu hadi jikoni na kitandani. Kwa hiyo bakuli la nyoka lioshwe nje, si katika sinki la jikoni, na kila amshikaye nyoka anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Ya pili ni dawa. Nyoka hupata utitiri, wadudu wadogo weusi wanaonyonya damu chini ya magamba. Baadhi ya dawa zinazouzwa kuua utitiri huo zina kitu kiitwacho pamethrini. Hicho hicho kimo katika dawa nyingi za viroboto vya mbwa na za kunyunyiza wadudu. Mwili wa paka hauwezi kukivunja vizuri kama mwili wa mbwa. Paka akigusa dawa iliyo mbichi kisha akajilamba, huanza kutetemeka, hupata degedege, na aweza kufa. Basi mtu aweza kumtibu nyoka wake asubuhi na kumwua paka wake jioni, wala wanyama wenyewe hawakuonana kamwe! Soma karatasi ya dawa kabla ya kununua, na mwulize daktari wa wanyama ukimwambia wazi kwamba nyumbani kuna paka.

Nyoka wa porini

Haya yote yahusu nyoka asiye na sumu aliyetunzwa sandukuni. Mtu asije akasoma makala haya kisha akaenda majanini kukamata nyoka. Nchini mwetu wapo swila, moma na wengine wenye sumu kali, na wanaofanana nao ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilitia kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, nalo hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo.

Wala usimtegemee paka kuwa mlinzi wa nyumba. Wazee wengine husema paka hadhuriwi na sumu. Ni kweli kwamba paka hustahimili kuliko mbwa kwa baadhi ya nyoka, kama wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia walivyoonyesha mwaka 2020, lakini kustahimili si kutodhurika. Zaidi ya hayo, paka huwa na desturi ya kuleta windo nyumbani. Akimleta nyoka aliye hai nusu, toa watoto, funga mlango wa chumba hicho, na uite mtu ajuaye. Paka akiumwa, usichanje, usifunge kamba, wala usiweke jiwe jeusi. Mtulize ndani ya kikapu na kumpeleka kwa daktari. Swila akimtemea machoni, osha macho kwa maji mengi safi upesi, kisha nenda naye kwa daktari.

Sheria nayo ipo. Hapa Uganda Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 yataka mtu apate kibali kabla ya kufuga mnyama wa porini. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2009, na Kenya ya mwaka 2013. Chatu wa kila aina, wakivushwa mpaka wa nchi, hutakiwa hati za mapatano ya kimataifa ya biashara ya wanyama na mimea. Chama chetu kikipoteza kibali kwa uzembe, wadogo zetu watasoma habari za nyoka vitabuni tu.

Daftari la ufunguo

Kwa mwisho, naandika kazi za kila siku kama zilivyo katika daftari linalokaa karibu na mlango, ili atakayepokea ufunguo asikisie.

Asubuhi: tazama kwa kioo kama nyoka yupo, bila kufungua. Soma kipima joto pande zote mbili. Badili maji baada ya kumtoa paka na kufunga mlango wa chumba.

Jioni: mlishe Karani upande wa ghala kabla ya kuingia kwa nyoka, si baadaye, ili asikufuate. Vuta kufuli kwa mkono, usilitazame tu. Pitisha kidole kwenye kingo za wavu. Andika jina lako na saa.

Jumamosi: kagua parafujo, bawaba na nyaya. Tafuta utitiri kwenye bakuli la maji, kwa kuwa huzama humo. Ukiuona, usinunue dawa dukani. Mwambie mwalimu wa biolojia kwanza.

Wakati wa likizo: mwalimu wa biolojia na mlinzi wa usiku, kila mmoja awe na ufunguo wake, na daftari liendelee kuandikwa.

Kazi hizi hazichukui robo saa. Siku nyingi zitaonekana kama kazi bure, kwa sababu hakuna jambo lolote litakalotokea. Ndivyo itakiwavyo. Wapishi wataendelea kupata mahindi yasiyotobolewa, darasa la biolojia litaendelea kumwona nyoka akijivua gamba, na Karani atalala juu ya magunia bila kujua kuna nani upande wa pili wa ukuta.